Meli au Bustani ya Michezo? Safari Yetu ya Florida pamoja na Bibi

Kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa, swali lile lile huingia katika kila nyumba: mwaka huu tutawapeleka wapi watoto? Wenye kipato kidogo kama sisi hujiuliza jambo jingine zaidi: tutakwenda mara moja tu, je, tutachagua vizuri?

Sisi ni familia ya Kitanzania tunayoishi Atlanta, Marekani. Baba ni dereva wa malori ya safari ndefu, na mama ni muuguzi wa zamu za usiku. Watoto ni watatu. Mwaka 2023, wakati huo wakubwa wakiwa na miaka 14 na 11 na kitinda mimba miaka 5, tulikuwa tumejiwekea akiba kwa miaka mitatu. Kila mwezi tulitia kitu kidogo katika bahasha ya kahawia, hadi zikatimia dola 3,200. Mwezi wa Juni tulikuwa na furaha ya pekee, kwa sababu Bibi, mama mzazi wa baba watoto, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bukoba. Tulikuwa watu sita chini ya paa moja, na tulitaka sana tusafiri sote.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni meli ya utalii inayotoka bandari ya Port Canaveral, Florida, kwenda Nassau katika visiwa vya Bahamas na kurudi, kwa siku nne. Ya pili ni bustani za michezo za Walt Disney World karibu na Orlando. Baba watoto alitaka meli. Alisema kwamba mtu aendeshaye lori mwaka mzima anataka mahali ambapo mwingine anaendesha naye analala. Watoto walitaka bustani. Mama alitaka popote ambapo hapiki. Tukakaa mezani na kalamu na karatasi.

Hesabu ya mfuko

Bei ya meli huandikwa kwa kichwa, lakini kwa kawaida ni bei ya watu wawili katika chumba kimoja. Mtu wa tatu na wa nne katika chumba hicho mara nyingi hulipa pungufu. Sisi tukiwa sita ilitubidi vyumba viwili. Chakula cha kawaida kimo ndani ya bei, hali kadhalika maji, chai na maonyesho ya jioni. Lakini kuna kodi za bandari, kuna bahashishi ya wahudumu inayotozwa kila mtu kila siku, kuna soda, na kuna matembezi ya nchi kavu. Kama huna habari hizi, bei uliyoiona gazetini siyo bei utakayolipa.

Bustani nayo ina mitego yake. Tiketi ya siku moja ya mtu mzima inazidi dola 100, na mtoto akishafika miaka 10 anahesabiwa mtu mzima. Chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu. Kwetu, watano kati ya sita walikuwa watu wazima wa tiketi! Gari linalipiwa maegesho. Chakula cha ndani ni ghali, ila wanaruhusu kuingia na chakula chako mwenyewe, mradi hakuna chupa za kioo wala pombe. Hilo lilitufurahisha, maana mwanamke wa Kiafrika na chombo chake cha chapati hawaachani.

Tulipojumlisha, meli ilikuwa karibu sawa na siku mbili za bustani pamoja na nyumba ya kupanga yenye jiko. Basi fedha haikutuamulia. Baba watoto akasema, "Kwa nini tuchelewe?" Akalipa amana ya meli, dola 300, ambayo hairudishwi. Jioni hiyo tukamwambia Bibi.

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Nendeni, wanangu. Mimi nitabaki kuwaangalizia nyumba."

Neno la Bibi

Tulifikiri amechoka. Tulifikiri ni presha, au ni sukari yake. Baba watoto alimbembeleza akimwonyesha picha: meli kubwa kama mtaa mzima, yenye lifti na mabwawa ya kuogelea. Bibi alizitazama picha kwa adabu akarudisha. "Ni nzuri," alisema. "Nendeni."

Sisi tulio wauguzi hatuiachi kazi mlangoni. Mwenye kisukari anapaswa kukaguliwa miguu kila siku, kwa sababu kidonda kidogo asichokisikia chaweza kumkatisha mguu. Kwa hiyo kila usiku, kabla ya zamu, mmoja wetu alimwosha Bibi miguu kwa maji ya uvuguvugu, akamkausha katikati ya vidole na kutazama nyayo. Ni katika kuosha miguu huko, usiku wa tatu, ndipo Bibi aliposema, akiwa ameinamisha kichwa, "Mwanangu, mimi sipandi meli. Na ninyi mkipanda sitalala hadi mrudi."

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa wanaikumbuka vema tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupakia tena Kemondo, ilipinduka asubuhi ikikaribia Mwanza. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Mamia ya watu walikufa maji, na Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Katika meli hiyo alikuwamo mdogo wake Bibi, mama mdogo wa baba watoto.

Hilo sote tulilijua. Baba watoto alikuwa mwanafunzi wa sekondari siku hiyo, na mama mdogo huyo ndiye aliyemnunulia sare. Tusilolijua ni lile alilolisema Bibi usiku ule. Mdogo wake alitaka kwenda Mwanza kwa basi. Bibi ndiye aliyemwambia kwamba basi litamchosha, barabara ni mbovu, heri apande meli alale usiku kucha aamkie Mwanza. Na nauli alimpa yeye.

Kwa miaka 27 hakumwambia mtu. Tulikumbuka sasa mambo tuliyokuwa tukiyaona bila kuyaelewa: kwamba kila alipokwenda Mwanza alizunguka kwa njia ya Kahama, safari ndefu ya kuchosha, ili tu asivuke kwa kivuko cha Busisi. Watu walimcheka kuwa ni mshamba wa maji. Kumbe alikuwa na lake moyoni.

Baba watoto aliporudi safarini tulimweleza, kwa ruhusa ya Bibi. Alikaa jikoni muda mrefu. Kisha akasema, "Hizo dola 300 ziende." Mtoto wetu mkubwa, ambaye alikuwa ameshaanza kuisifia meli kwa rafiki zake, alinuna siku mbili. Hatukumgombeza. Hakuwa ameambiwa sababu, na sababu ile haikuwa yetu kuitoa.

Barabarani hadi Florida

Toka Atlanta hadi Orlando ni maili zipatazo 440, yaani karibu kilomita 700. Tuliondoka alfajiri na kushika barabara kuu namba 75 kuelekea kusini. Misitu ya misonobari ya Georgia ilipita, yakapita mashamba ya karanga na vibanda vya pichi, na alasiri tukawa Kissimmee, mji ulio jirani na bustani. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba vitatu na jiko. Jioni hiyo tulipika ugali na mchicha, kwa hiyo ndoto ya mama ya kutopika ilikufa siku ya kwanza!

Walt Disney World ilifunguliwa Oktoba 1, 1971, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 100. Ndani yake mna bustani kubwa nne. Usidanganywe na neno bustani ukafikiri ni mahali pa kukaa kivulini. Ni kutembea. Familia inaweza kutembea kilomita kumi na zaidi kwa siku moja, juu ya lami, katika joto la nyuzi 33, na alasiri za miezi hiyo radi na mvua kubwa ni jambo la kawaida. Bibi tulimkodia kiti cha magurudumu langoni. Mwanzoni alikataa, akasema yeye si mgonjwa. Tulimwambia kiti ni cha kubebea chapati, naye akae juu yake azilinde. Akakubali.

Siku ya kwanza tulikwenda ile yenye ngome ya hadithi, wanayoiita Magic Kingdom. Watoto walifurahi mno. Mtoto mdogo alilia mara mbili, kwa sababu michezo mingine ya kasi inadai mtoto awe na urefu wa sentimita 112, naye hakufika. Wazazi wenye watoto wa umri mbalimbali wajue hili mapema. Pima mtoto nyumbani, mwambie ukweli kabla ya kufika, asije akaliona lango likifungwa mbele ya uso wake. Kuna utaratibu wa mzazi mmoja kubaki na mdogo huku mwingine akicheza na wakubwa, kisha wakabadilishana bila kupanga foleni upya. Uliza.

Kijiji chenye Kiswahili

Siku ya pili tulikwenda Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 22, 1998, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote nne kwa eneo. Hapo ndipo Bibi alipotuamsha kutoka katika uchovu.

Ndani ya bustani hiyo wamejenga mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, wakauita Harambe. Kuta zimechubuliwa rangi makusudi zionekane za kale kama za miji ya pwani yetu, na mabango yameandikwa Kiswahili. Bibi, ambaye kwa wiki nzima alikuwa hasomi chochote barabarani, alianza kusoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Alisoma kila kibao. Alisimamisha kiti. Alitaka kujua kwa nini wameacha herufi moja mwishoni mwa "harambee." Watu walipita wakimtazama bibi mwenye kitenge anayecheka peke yake.

"Wamejenga na kuchakaza," alisema. "Sisi kwetu tunajenga, kuchakaa kunakuja kwenyewe."

Kutoka hapo huondoka gari la wazi la safari ya wanyama. Twiga walivuka mbele yetu, tembo walikuwapo, faru na simba pia, katika mbuga iliyopandwa Florida ya ukubwa wa hekta zipatazo 45. Dereva alieleza wanyama, na Bibi akamkosoa kwa Kiswahili, polepole, wajukuu wakitafsiri kwa kunong'onezana na kucheka. Watoto wetu, ambao wamezoea kumfundisha Bibi kutumia kila kitu Marekani, siku hiyo walimwona akiwa mwalimu. Tunakubali kwamba ni Afrika ya kulipia, na isiyo na mwenye nyumba wa kusalimiana naye. Lakini kwa saa mbili mama yetu hakuwa mgeni, na hilo tungelilipia tena.

Afya: yaliyo kwenye meli na yaliyo bustanini

Kwa kuwa wengi hutuuliza habari za kitabibu, tuseme machache.

Kwa bustani: mgonjwa wa kisukari avae viatu alivyokwisha kuvizoea, kamwe si vipya, na soksi za pamba zisizobana. Anywe maji kabla ya kiu. Katika bustani hizi, maduka ya chakula hutoa kikombe cha maji ya barafu bila malipo ukiomba. Dawa zisiachwe ndani ya gari lenye joto, hasa insulini. Mwenye matatizo ya mgongo, shingo, moyo au mjamzito asome kibao kabla ya kupanda chochote. Hata lile gari la wanyama linaruka-ruka.

Kwa meli: kampuni nyingi hazimpokei mama ambaye mimba yake imefika wiki ya 24, wala mtoto mchanga wa chini ya miezi 6. Melini kuna daktari na wauguzi, lakini matibabu yanalipiwa, na usidhani kwamba bima yako ya nyumbani italipa mara meli inapotoka nchini. Uliza kabla. Homa ya tumbo ya kutapika na kuharisha, iletwayo na norovirusi, husambaa upesi mahali watu wengi wanapokula pamoja. Dawa ile ya kupaka mikononi haiui virusi hivyo vizuri. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, hasa kabla ya kula. Mwenye kichefuchefu cha bahari achague chumba cha katikati ya meli, ghorofa ya chini, ambako kuyumba ni kidogo.

Na tusisahau karatasi. Meli ya Nassau inakwenda nchi nyingine, hata kama ni siku nne. Mgeni wenu kutoka nyumbani aweza kuwa na viza ya kuingia mara moja tu. Tazameni pasipoti na viza ya kila mmoja kabla ya kutoa senti ya amana. Sisi tulilipa kwanza, tukawaza baadaye.

Gatini

Siku ya mwisho ilibaki saa kadhaa kabla ya kuanza safari ya kurudi. Bibi mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Hiyo bandari ya meli yenu iko mbali?" Tukamjibu kama saa moja kwa gari. Akasema, "Nipelekeni nizione. Kuziona hakuui."

Pale Port Canaveral kuna ufukwe wa umma uitwao Jetty Park, kando kabisa ya mkondo wanamopita meli kuelekea baharini. Watu huja na viti kuzipungia mikono. Tulikaa na chapati za mwisho. Alasiri meli ya kwanza ilitoka, karibu kiasi cha kuona sura za watu kwenye roshani. Watoto walipunga mikono na watu wa melini wakapunga. Bibi alishika mkono wa kitinda mimba bila kusema.

Kisha akamwuliza mwanawe, "Hao wote wana maboya ya kuvaa?"

Baba watoto alimweleza aliyoyasoma. Tangu Titanic ilipozama mwaka 1912, mataifa yaliweka sheria za kuwa na mashua za kutosha kwa watu wote. Na baada ya Costa Concordia kupinduka huko Italia mwezi Januari 2012, ambapo watu 32 walikufa, masharti yaliongezwa: abiria lazima waonyeshwe la kufanya wakati wa hatari kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Kila mtu ana kituo chake, na kila mtu anahesabiwa.

"Kila mtu?" Bibi aliuliza.

"Kila mtu, Mama."

Bibi aliitazama meli ikienda. "Wetu hawakuhesabiwa," alisema.

Ni kweli. Abiria wa daraja la tatu wa MV Bukoba hawakuwa na orodha, na ndiyo maana hadi leo watu hubishana juu ya idadi. Hapo hapo, kwenye mchanga, Bibi akawaita wajukuu watatu akawaambia kwamba alikuwa na mdogo wake. Alitaja jina lake. Alieleza alivyopenda kuimba kwaya, alivyokuwa mfupi mwenye haraka, na alivyopanda meli kwa sababu dada yake alimshauri. Mtoto wetu mkubwa, yule aliyenuna, ndiye aliyemwambia, "Bibi, ulitaka asichoke." Hakuongeza neno, na Bibi hakujibu. Alimpa kipande chake cha chapati.

Mama msomaji, ukituuliza kipi bora kati ya meli na bustani, tutakujibu hivi. Kama mnaohitaji kupumzika ni watu wazima, na watoto wanaogelea, na karatasi za wote ziko sawa, meli yaweza kuwafaa. Kama mna watoto wa umri mbalimbali, bustani ina kitu kwa kila mmoja, ila itawachosha. Nyumbani nako swali ni hilo hilo, kati ya boti ya Zanzibar na mbuga ya Mikumi. Fanyeni hesabu. Lakini kabla ya kulipa, mwulizeni kila mtu wa nyumba, na mzee zaidi ya wote, na msiridhike na jibu lake la kwanza.

Bibi alirudi Bukoba mwezi wa Agosti 2023. Mwezi Juni 2025 lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kati ya Kigongo na Busisi, hakukawia kwenda Mwanza. Alitupigia simu akiwa ng'ambo ya pili. Alisema alivuka macho yakiwa wazi, na kwamba maji yalikuwa mazuri.